GOTI GUMU NA PIKIPIKI



Mimi ni mzee wa miaka 64, naendesha pikipiki ya abiria hapa Voi. Goti langu la kushoto halikunjiki tena vizuri, na mguu huo ndio wa gia. Wa kulia, wa breki, ni mzima. Mpaka Mwatate nafika bila shida. Milima ya Wundanyi, ambako gia hubadilishwa kila kona, yanitaabisha. Vijana wa stejini husema, "Mzee, kaa nyumbani." Nyumbani nitakula nini?

Ziko pikipiki zisizo na gia za mguu. Ziko pia za magurudumu matatu, ambazo ukisimama huhitaji kukanyaga chini. Niliomba mkopo nikanunue moja, nikanyimwa kwa sababu ya goti. Leseni yangu hata haikutazamwa!

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea kikwazo. Basi chama kituombee kwa wakopeshaji: mzee ajaribiwe barabarani kwanza. Asiyeweza kushika breki anyimwe, sitalalamika. Mimi niko tayari hata kesho asubuhi.