Majirani Wakitawanywa, Ufundi Nao Huondoka
Na Halima Wekesa

Waingereza huiita arras, Waitaliano arazzo: nguo nzito ya kutundika ukutani, iliyofumwa picha za wafalme, wawindaji na watakatifu. Neno limetokana na mji wa Arras, kaskazini mwa Ufaransa, ambao wafumaji wake walisifika Ulaya nzima katika karne ya 14 na ya 15. Mwaka 1477 Mfalme Louis XI aliuteka. Mwaka 1479 akawafukuza wakazi na kuleta wengine. Ufumaji ulififia pale, ukashamiri Tournai na Brussels, huku jina likisalia katika lugha za watu.

Nauwaza mji huo kila niingiapo nyumba za zamani za Kaloleni, Maringo au Jericho, jijini Nairobi. Kochini na ukutani kuna vitambaa vilivyotariziwa kwa nyuzi za rangi: maua, tausi, aya ya Biblia, "Karibu Mgeni". Vingi ni vya marekani, nguo ambayo nayo ilirithi jina la ilikotoka. Meli za Salem, Massachusetts, ziliileta Zanzibar katika karne ya 19, hasa baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba na Marekani mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokatiza shehena, nguo za Uingereza na India zilijaza soko, ila jina halikubadilika. Heshima yote ilimwendea muuzaji. Waliotarizi hatukuwaandika popote.

Na walikuwa mama zetu. Walifundishana mlangoni jioni, mmoja akichora ua kwa penseli, mwingine akilinganisha nyuzi, na vitambaa vilivyouzwa vikalipa karo. Ufundi huo uliishi kwa majirani.

Sasa nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, zinabomolewa kupisha maghorofa, kama zilivyobomolewa za Pangani. Nyumba bora nazitaka. Hakuna anayependa kupanga foleni ya choo. Ninachopinga ni kuwatawanya watu waliokaa pamoja miaka na miaka. Serikali ya Kaunti iwarudishe wapangaji wa zamani pamoja, na Makumbusho ya Kitaifa yakusanye vitambaa hivi kabla havijageuzwa matambara.

Nawe msomaji, ikiwa mama au shosho yako angali hai, muulize nani alimfundisha kutarizi. Kisha mwombe alishone jina hilo, na lake pia, kwenye pindo.