Tumesahau tulivyoikosa hata foleni ya getini

Jamaa aliyekaa mbele yangu kule mzunguko wiki iliyopita alilalamika dakika zote tisini. Foleni ya getini ndefu. Jua kali. Kiti kinaunguza. Karanga zimepanda bei. Beki wa kulia hajui kupiga krosi. Halafu kuna mama mmoja nyuma yetu, vuvuzela mdomoni tangu timu zinapasha misuli, na jamaa akaapa kwamba lile vuvuzela lilikuwa linalenga sikio lake tu.

Ilipofika mapumziko akasema hatarudi tena. "Bora nikae nyumbani niangalie kwenye simu. Hakuna wa kunisukuma kule."

Sikumjibu. Ningemjibu nini, wakati maneno hayo hayo nimeshayasema mimi mara kibao? Ila nilirudi nyumbani nikiwaza kitu kimoja: kaka, tuliwahi kukaa nyumbani sisi. Umesahau?

Machi 8, 2020, Yanga ilimfunga Simba 1-0 kwa faulo ya Bernard Morrison. Wakati huo bado tunaita Uwanja wa Taifa, jina la Benjamin Mkapa lilikuja baadaye mwaka huo huo. Nilikuwepo, mzunguko, nimebanwa kushoto na kulia (timu yangu siitaji, bosi anasoma ukurasa huu). Nilitoka pale hadi kituo cha Uhasibu kwa mguu, daladala za Mbagala zimejaa hadi mlangoni, nikanung'unika njia nzima. Siku tisa baadaye Serikali ikasimamisha mikusanyiko kwa sababu ya corona na ligi ikasimama. Ikaja kurudi Juni 13. Siku 88.

Tuseme ukweli, sisi hatukufungiwa ndani kama wenzetu wa Kampala au Kigali. Masoko yaliendelea, daladala ziliendelea. Lakini kwa mtu wa mpira, Jumapili ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa diploma ya uandishi wa habari, vyuo vimefungwa, nimerudi kwa wazazi Mbagala, najifunza kuandika habari za michezo wakati michezo yenyewe haipo.

Pale kijiweni, kwa mzee wa kahawa, wiki ya kwanza tulimaliza kumjadili Morrison. Ya pili tukapanga kikosi bora cha muda wote, tukagombana kuhusu namba kumi. Ya tatu mada zikaisha. Watu wakahamia siasa, wawili wakanuniana kabisa. Ndipo nilipojua mpira ulikuwa unatufanyia kazi gani pale kijiweni. Watani wa jadi wanaweza kutukanana kuanzia asubuhi hadi jioni na bado wakanunuliana kashata.

Wazee wa mikeka nao walipata shida yao. Ulaya yote kimya, England wamesimama tangu Machi 13, imebaki Belarus. Vijana wa Mbagala wakawa wanaijua FC Slutsk kuliko walivyoijua timu ya mtaa wa pili. Nilimkuta mshikaji mmoja anachambua ugenini na nyumbani ya ligi ya Belarus kwa sura ya mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Nilicheka. Baadaye na mimi nikaweka mkeka. Ukachanika.

Tukasema basi tuangalie marudio. Nikaangalia tena Simba na AS Vita ya Machi 16, 2019, ile ya Chama kufunga dakika za mwisho na Simba kutinga robo fainali Afrika. Bao zuri, halina ubishi. Lakini mapigo ya moyo hayakusogea. Siku ile ya kweli, mtu nisiyemjua alinikumbatia hadi kofia yangu ikaanguka na sikuiona tena. Marudio yalikuwa na bao lile lile, kofia haikuwepo.

Halafu Mei 16 Ujerumani wakarudi. Dortmund wakampiga Schalke 4-0, Haaland akafungua ukurasa wa mabao. Uwanja unaoingiza zaidi ya watu 80,000, ndani hakuna mtu jukwaani. Unasikia kocha anavyofoka, unasikia mpira ukigonga buti. Mechi ilipoisha wachezaji wakaenda kushangilia mbele ya lile jukwaa lao maarufu la kusini, likiwa tupu. Watu wengi waliona kichekesho. Mimi nilikuwa sebuleni na mdogo wangu, hakuna aliyecheka.

Kenya walipata kali zaidi. Aprili 30 shirikisho lao likatangaza msimu umeisha na Gor Mahia ni bingwa. Shabiki wa K'Ogalo akapewa ubingwa bila ile siku yenyewe ya ubingwa: bila kuamka na jezi, bila kuimba njiani, bila sauti kukauka.

Lakini nikikumbuka siku zile, kinachonirudia zaidi ni kibanda umiza cha mtaani kwetu. Mabati, benchi za mbao, televisheni mbili, kiingilio shilingi mia tano, joto la kuivisha ndizi. Umeme ukikatika mwenye kibanda anasimama mlangoni na kikopo chake cha hela, anakurudishia chako, lakini hakuna anayeondoka. Tunakaa gizani tunabishana kama ile ilikuwa ofsaidi. Mama wa mihogo yuko nje, na kijana wa maji ya baridi yuko pembeni yake.

Corona ilipopiga, kibanda kikafungwa siku moja na uwanja. Mwezi wa pili mzee akauza televisheni moja. Nilimkuta ameweka benchi zake nje anauza nyanya juu yake. Akaniambia, "Mwanangu, mpira ukisimama, wachezaji wana mishahara. Mimi na huyu wa mihogo tuna nini?" Sikuwa na jibu. Nilinunua nyanya ambazo mama hakunituma.

Ligi iliporudi alifungua tena na televisheni moja. Juni 14 nilikwenda Taifa, Simba na Ruvu Shooting, sare ya 1-1, mechi ya kawaida sana. Barakoa usoni, viti vingi wazi. Nilipanga foleni nikiwa natabasamu kama mjinga. Muuza karanga akanipa kifungu, nikampa noti, nikasahau kudai chenji. Pembeni yangu mzee mmoja alimtukana mwamuzi kwa tusi ambalo sikuwahi kulisikia, tukaangua kicheko jukwaa zima. Nakumbuka niliwaza, sitalalamika tena.

Nikatimiza ahadi hiyo kwa kama miezi miwili.

Leo kibanda kile hakipo. Hakikuuliwa na corona, kiliivuka. Tulikiua sisi. Nilinunua simu nzuri, nikalipia kifurushi, nikaanza kuangalia mechi kitandani na kijitundu kimoja cha sikio. Rafiki zangu vile vile. Mzee akawa anafungulia watu sita, wanne, kisha akafunga. Hakuna aliyemlaumu mtu, na yeye hakulaumu. Benchi moja iko nje ya fundi viatu hadi leo.

Na ukienda viwanjani siku ambayo Simba au Yanga hachezi, utaona kitu hicho hicho. Nakaa jukwaa la waandishi nahesabu watu. Siku nyingine naweza kuwahesabu kweli, mmoja mmoja. Hakuna corona, hakuna katazo. Tuko nyumbani kwa hiari yetu, tunaangalia jukwaa tupu kwenye simu na kuuliza kwa nini ligi yetu haina mzuka.

Nisieleweke vibaya. Geti linalofunguliwa kwa kuchelewa, choo kisicho na maji, polisi anayesukuma mtu mwenye tiketi, hayo sio raha na sitaki mtu aniambie ni sehemu ya burudani. Klabu na wenye viwanja wana kazi ya kufanya, na tutaendelea kuwaandika. Ila jua, vuvuzela, foleni ya Uhasibu na jirani anayejua mpira kuliko kocha, kaka, hivyo ndivyo tulivyovililia siku 88.

Yule jamaa wa mzunguko, kwa taarifa yenu, bao liliingia dakika za lala salama. Aliruka, akageuka, akamkumbatia yule mama wa vuvuzela kwa mikono miwili. Kisha akakaa, akajifuta jasho, akaendelea kumsema beki wa kulia. Wakati tunatoka nilimsikia anamuuliza mwenzake mechi ijayo ni lini.