Kilichoonekana Bila Kutafutwa



Tunapowatembelea wagonjwa, sisi mafrateri hukutana na maswali ambayo darasa la falsafa halikutuandalia majibu. Mojawapo ni hili: mpimaji akiona kitu ambacho hakutumwa kukitafuta, amwambie mgonjwa?

Tuchukue mfano wa mvuvi wa Kibirizi ambaye mkono wake unakufa ganzi baada ya miaka mingi ya kuvuta nyavu za dagaa. Daktari anaagiza mishipa yake ya fahamu ipimwe kwa ultrasaundi, kuanzia kiganjani hadi shingoni. Mshipa wa kiganjani unaonekana umebanwa. Lakini shingoni, jirani na mishipa inayokwenda mkononi, ipo tezi ya thairoidi, na ndani yake kuna kijivimbe.

Wapo wanaosema aambiwe papo hapo, kwa kuwa ukweli ni ukweli. Wengine wanasema afichwe, asije akaingiwa na hofu. Kwa maoni yetu, wote wanakosea.

Vivimbe vya tezi hiyo ni vya kawaida kwa watu wazima, na vingi si saratani. Huko Korea Kusini, upimaji wa shingo ulipoenea, saratani za tezi zilizogunduliwa ziliongezeka takribani mara 15 kati ya 1993 na 2011, lakini vifo havikubadilika. Wengi walipasuliwa bila ulazima.

Mvuvi wetu akitupiwa neno "una uvimbe" mlangoni, anaweza kuuza mtumbwi ili afike Bugando, Mwanza, kisha akaambiwa hana tatizo. Akifichwa, na uvimbe ukawa ule mbaya, tumemdhulumu. Mwili ni wake.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba busara huziongoza fadhila nyingine za kimaadili. Busara haifichi ukweli, bali huuandalia njia. Basi kabla ya kipimo mgonjwa aulizwe: "Mzee wangu, tukiona jambo jingine, ungependa tukueleze?" Asiyetaka kujua aelezwe kwanza anachokikataa. Baadaye daktari aliyemtuma amweleze faraghani: uzito wa jambo, hatua inayofuata na gharama yake. Kama hakuna la kufanya, aseme hivyo waziwazi.

Nasi kwenye jumuiya ndogondogo tujirekebishe: tusitangaze majibu ya mwenzetu bila ruhusa yake, hata kwa kisingizio cha kumwombea. Mungu anamjua mgonjwa huyo bila sisi kumsimulia.