Wanawake wa Muleba Wanajua Haki Zao

Kuna sentensi ambayo haikosekani katika hotuba ya mgeni rasmi yeyote anayezungumzia ardhi na mirathi mkoani Kagera: wanawake wa vijijini hawajui haki zao. Mwanasiasa huisema, wakili kijana aliyeshuka na ndege kutoka Dar es Salaam huisema, wasomi wa sheria huiandika kwenye tasnifu zao, na ikishatamkwa hakuna anayenyoosha mkono kuuliza umeijuaje. Kinachofuata ni semina. Bango linatundikwa, chai inaletwa na sambusa zake, akina mama wanaambiwa kwamba Katiba inawatambua, wanasaini daftari la mahudhurio na kurudi kwenye migomba yao. Mwaka unaofuata tatizo liko palepale, na sentensi inarudi ikiwa imevaa fulana mpya.

Mimi nasema sentensi hiyo si kweli, na kwamba inapendwa kwa sababu inamtupia mzigo mtu asiyekuwepo mezani.

Twende Kashasha, wilayani Muleba. Madaktari duniani wanaijua Kashasha kwa ule ugonjwa wa kucheka uliowakumba wasichana wa shule mwaka 1962. Wanasheria wanaijua kwa Holaria Pastory. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia halali. Umri ukasogea, nguvu zikamwishia, hakuwa na wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 akaliuza kwa Gervazi Kaizilege, mtu asiye wa ukoo wao, kwa shilingi 300,000. Kesho yake tu, Bernardo Ephrahim, ambaye Holaria ni shangazi yake, alikuwa Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akitaka mauzo yafutwe kwa hoja moja: mwanamke wa Kihaya hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ikamkubalia. Bibi akaamriwa kurudisha fedha.

Bibi huyo asiyejua haki zake, kwa mujibu wa mgeni rasmi, hakurudi nyumbani kulia. Alikwenda Mahakama ya Wilaya ya Muleba, na huko ikasemwa kwamba Hati ya Haki za Binadamu imeshaizika kanuni ile. Ephrahim akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaitupa rufaa hiyo, akatamka kwamba wanawake na wanaume wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo.

Angalia kalenda. Hati ya Haki za Binadamu iliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini Serikali ikajipa miaka mitatu ya kupumua, mahakama zisiweze kuitumia mpaka Machi 1988. Holaria aliuza shamba mwezi Agosti. Sidai kwamba alikuwa na nakala ya Katiba kwenye kikapu chake. Nadai kwamba alijua kitu ambacho Mahakama ya Mwanzo haikukijua au haikutaka kukijua, na kwamba kama kuna mtu aliyestahili semina siku ile, si yeye.

Kuna jambo jingine katika hukumu ile ambalo wanaoilaani kwamba iliua mila hawalisemi. Jaji hakuuvunja ukoo. Kanuni ya kukomboa shamba lililouzwa kwa mgeni aliiacha hai, ila akaifanya iwabane wanaume na wanawake sawasawa: Ephrahim alipewa miezi 6, amrudishie mnunuzi zile 300,000, shamba lirudi kwa wanaukoo. Yaani aliyekuwa akililia mila alionyeshwa mlango wa mila wenyewe. Lipa, chukua.

Na Holaria hakuwa wa kwanza. Miaka 20 kabla yake, mwaka 1968, Bi Verdiana Kyabuje na wenzake walifika Mahakama Kuu wakipingana na Gregory Kyabuje katika mgogoro wa mirathi uliobeba ubaguzi uleule. Walijua. Mahakama nayo ikakiri kwamba inawaonea huruma, kisha ikasema mikono yake imefungwa na sheria ya kimila, na kwamba mabadiliko yatafutwe kwingine, si mahakamani. Nyuma zaidi, miaka ya 1930 na 1940, wanawake wa Kihaya walikwenda mijini, mpaka Nairobi, wakafanya kazi ambazo wajukuu wao bado wanatukanwa kwazo, wakarudi na fedha, wakanunua vibanja, yale mashamba ya migomba na mibuni, kwa majina yao au wakaokoa mashamba ya baba zao yaliyokuwa yakipotea. Mtu anayevuka mpaka kutafuta fedha ya kununua ardhi hahitaji kufundishwa thamani ya ardhi.

Toka Kagera kidogo, nenda Shinyanga. Wajane wawili, Elizabeth Stephen na Salome Charles, waliishtaki Serikali wakitaka kanuni zilezile za urithi zibatilishwe. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, Dar es Salaam, ikasema ndiyo, kanuni hizi zinabagua, tena si kwa namna moja tu. Halafu ikakataa kuzifuta. Ilihofia kwamba ikigusa mila za hawa italazimika kugusa za makabila yote 120 ya nchi hii. Wajane wakapanda Mahakama ya Rufani. Mwaka 2010 rufaa yao ikatupwa kwa kasoro ya hati, kasoro ya mahakama na si ya wajane. Wakaenda mbele zaidi, mpaka Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 Kamati hiyo ikasema Tanzania imewakosea. Wajane wa Shinyanga walifika Geneva kwa hoja. Nani hapo hajui haki zake?

Kanuni inayozungumzwa ina anwani. Ni Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, Kanuni ya 20: mwanamke anaweza kurithi, ila ardhi ya ukoo ataitumia tu bila kuiuza, labda kama ukoo hauna mwanamume aliyebaki. Kanuni ya 27 inamwambia mjane kwamba hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Haya si maneno ya wazee wakinywa rubisi chini ya mti. Yamechapwa, yana namba, yametolewa na waziri.

Hapa Kagera tulilipa gharama ya Kanuni ya 27. Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa mkoani huku mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata wanaume walikufa wakiongozana, wakiacha wanawake vijana, wagonjwa, wenye watoto na kibanja. Hao walijua vizuri sana nani aliyepalilia mibuni ile. Shemeji zao nao walijua.

Basi tufike kwenye dirisha la karani, maana huko ndiko mambo yanakokwamia. Mjane au binti anayekwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi huulizwa kabla hajaketi: muhtasari wa kikao cha ukoo uko wapi? Majaji wa Mahakama Kuu wamekwisha kusema, tena si mara moja, kwamba muhtasari huo si sharti la sheria, ni mazoea tu. Mazoea hayo pale dirishani yana nguvu kuliko Katiba. Sasa jiulize kikao hicho huitishwa na nani. Mwenyekiti wake huwa kaka mkubwa wa marehemu. Katibu ni mtoto wa baba mdogo, ambaye shamba lake, kwa bahati, linapakana na kibanja kinachogombewa. Mama atasubiri Jumapili moja, Jumapili ya pili, mzee fulani ana msiba Kamachumu, mwingine kasafiri Biharamulo, na siku kikao kikikaa, msimamizi wa mirathi anayependekezwa si yeye. Mpe mama huyu semina kumi, mkaririshe ibara ya 13 ya Katiba na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inayobatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Atazikariri. Kisha atarudi kuomba sahihi kwa watu walewale wanaokitaka kibanja.

Elimu haifungui mlango huo. Waraka wa ukurasa mmoja kwa makarani na mahakimu, unaosema msidai kitu ambacho sheria haidai, ungefanya kazi kuliko mabango yote yaliyowahi kutundikwa kati ya Kemondo na Nshamba.

Wanasheria wenzangu wa kalamu (mimi si wakili, ila tunagombana nao vya kutosha) hupenda kuruka sehemu inayofuata. Kwa miongo mingi Sheria ya Mahakama za Mahakimu ilimkataza wakili kusimama Mahakama ya Mwanzo, mahali ambapo mirathi ya kimila huanzia. Sababu ilikuwa nzuri kwenye karatasi: mnyonge asije akazidiwa na mwenye fedha za kukodi mdomo. Lakini shangazi na ukoo mzima si watu wawili walio sawa. Upande mmoja una wazee, mashahidi na sauti; upande mwingine una mwanamke na karatasi ya wosia. Marekebisho ya mwaka 2021 yalilegeza kidogo, wakili anaruhusiwa pale anapokaa hakimu mkazi. Vyema. Ila wakili yuko Bukoba mjini, na mteja yuko Goziba, katikati ya ziwa. Mwaka huohuo 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo hata hukumu iliyomtetea bibi wa Kashasha iliandikwa kwa Kiingereza. Taaluma ya sheria ilijenga nyumba yake mbali na kijiji, ikaandika kwa lugha ya mbali, kisha ikashangaa kwamba mwanakijiji haonekani barazani.

Kwa nini basi sentensi ile haifi? Kwa sababu ni rahisi. Elimu huhesabika kwa vichwa vilivyohudhuria, na mfadhili anapenda idadi. Kufuta tangazo kunamtaka waziri aweke sahihi na akubali kugombana na wapiga kura wenye ndevu. Kumlipa wakili amfuate mjane miaka miwili, rufaa kwa rufaa, hakuna picha nzuri ya kupiga. Na zaidi ya yote, ukisema mwanamke hajui, umeshasema kwamba sheria ni safi, mahakama ni safi, na kilichobaki ni kichwa chake tu. Hata wasomi wamenasa hapo: shauri la Ephrahim na Pastory linafundishwa vyuoni mbali na Kashasha, linasifiwa kwa ushujaa wa jaji, na mara chache mtu huuliza kwa nini ilibidi bibi mzee asiye na wa kumtunza apande mahakama tatu ili auze mali aliyoachiwa kwa maandishi.

Ataniuliza mtu: kwani hakuna kabisa wasiojua? Wapo. Wapo wanawake wasiojua, wapo wanaume wasiojua, wapo wenyeviti wa vijiji ambao hawajawahi kuliona hilo Tangazo Na. 436 kwa macho yao. Sipingi mtu kufundishwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na msaidizi anayekaa na mama, akamwandikia maombi, akaenda naye mpaka kwa karani na kusubiri naye pale benchi, huyo anafanya kazi ya kweli. Ninachokataa ni kuanza na mwisho wa foleni. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipokutana na kanuni ya mrithi wa kiume mwaka 2004, katika shauri la Bhe, haikuagiza wajane wapelekwe darasani. Iliifuta kanuni.

Tena tuache kuiita kanuni hii mila kana kwamba ilishuka na mvua. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, akishirikiana na Hartnoll, walichapisha kitabu cha sheria za kimila za Wahaya mwaka 1945, wakiandika waliyoambiwa na wazee na machifu. Fikiria nani aliulizwa, na nani alikuwa shambani wakati maswali yanaulizwa. Baada ya uhuru Serikali ikachukua kazi ya namna hiyo, ikaiunganisha kwa makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba, ikaipiga muhuri mwaka 1963. Kitu kilichokuwa kikijadiliwa na kubadilika kikao kwa kikao kikagandishwa kwenye gazeti la Serikali.

Kilichogandishwa kwa utaratibu kinaweza kuyeyushwa kwa utaratibu uleule, na utaratibu huo hauhitaji kusubiri Dodoma ikumbuke. Sura ya 358 ya sheria zetu inairuhusu halmashauri ya wilaya, ikiona sheria ya kimila ya eneo lake inafaa kurekebishwa, iandike pendekezo na kulipeleka kwa waziri, naye akiridhika atalitangaza. Kwa hiyo Halmashauri ya Muleba inaweza kuanza. Ya Bukoba pia. Baraza la madiwani hukutana kila baada ya miezi mitatu, kwa ajenda za barabara, mikopo na ushuru wa kahawa, na Kanuni ya 20 inatosha kwenye aya moja ya kabrasha. Diwani atakayeileta ajitayarishe kujibu swali moja kutoka kwa wenzake, kwamba je, wananchi wameelimishwa.