Mabati ya Mwaniaji na Uji wa Watoto wa Itumbe

Nilipofika Itumbe wakati wa likizo ya Agosti, kitu cha kwanza nilichoonyeshwa hakikuwa ndama mpya wala mkungu wa ndizi. Nilionyeshwa mabati. Yalikuwa kumi na mawili, yamefungwa kwa kamba ya katani na kuegemezwa ukutani nyuma ya nyumba ya mama mdogo. Kuku walikuwa wamekwisha kuyafanya makao yao.

"Hiyo ndiyo serikali yetu, mwanangu," akaniambia, naye hakucheka.

Kisa chenyewe ni hiki. Wakati wa kampeni za mwaka wa 2022, mwaniaji mmoja ambaye sitamtaja alifika katika kikundi cha kina mama, akasifu kazi yao, akawapa mabati ya kuezekea chumba wanamolelea watoto. Picha zikapigwa, vigelegele vikasikika. Kura zilipohesabiwa, bwana yule akaanguka. Wiki tatu baadaye wakaja vijana wawili na mkokoteni, wametumwa kuyachukua mabati! Kina mama wakakataa katakata. Wazee wakaitwa, wakakaa, wakaamua kwamba mabati yawekwe kwa mama mdogo, yasipigiliwe msumari hata mmoja hadi pande mbili zitakapozungumza. Hazijazungumza hadi leo. Watoto nao wangali wananywa uji chini ya paa linalovuja.

Msomaji mpendwa, wewe unayeishi mjini pengine utajiuliza ni watoto gani hao, na mama zao wako wapi. Itumbe ni nchi ya chai, na ina kiwanda chake. Mchumaji hutoka alfajiri kukiwa bado na ukungu, kwa maana majani mawili na chipukizi lake hayamngojei mtu aliyelala. Kikapu chapaswa kufika kituo cha kununulia kabla ya lori kuondoka. Sasa mtoto wa miaka miwili utampeleka wapi? Ukimbeba mgongoni katikati ya michai, kikapu utakibeba wapi? Aghalabu huachiwa dada yake wa miaka minane, na yule dada akakosa shule siku hiyo.

Hiyo ndiyo sababu kina mama hawa wakajikusanya. Wagusii tangu zamani wana desturi ya egesangio, yaani majirani wachache kulimiana mashamba kwa zamu. Hawa waliichukua desturi hiyo wakaitia katika malezi. Wamepewa chumba cha kuazima. Kina mama wawili wenye umri mkubwa hubaki na watoto tangu asubuhi hadi mchana, na kila mzazi huleta unga wa wimbi, kuni, au shilingi chache kwa wiki. Hesabu yote imo katika daftari moja la shule lenye madoa ya uji. Hakuna mfadhili kutoka ng'ambo, wala kibao barabarani, wala gari lenye nembo mlangoni. Mama mdogo ndiye mweka hazina.

Nilimwuliza kama wamewahi kwenda serikalini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kunywa maji. Walikwenda kwanza ofisi moja ya mbunge, mbali kidogo na kwao, wakaambiwa kwamba watoto wadogo ni kazi ya kaunti. Wakaenda ofisi ya kaunti, wakaambiwa kwamba vikundi vya kina mama huandikishwa na serikali kuu. Huko nako wakapewa fomu, wakaambiwa pesa za mwaka ule zimekwisha, wajaribu mwaka ujao. Nauli iliyotumika ingenunua unga wa mwezi mzima.

Ama kwa hakika, kila mmoja wa maafisa wale alikuwa na chembe ya ukweli. Sheria ya 2015 ya hazina ya maeneobunge iliufunga mfuko huo ndani ya kazi za serikali kuu, kwa hivyo ofisi ya mbunge ilikuwa na sababu. Vikundi navyo huandikishwa chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022, na kazi hiyo ni ya idara ya serikali kuu. Hata hivyo lipo jambo ambalo hakuna aliyewaambia. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu inayotaja kazi za kaunti. Utakuta elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, na vituo vya kuwatunza watoto. Vituo vya kuwatunza watoto! Maneno hayo yameandikwa waziwazi. Kazi wanayofanya kina mama wa Itumbe kwa unga wao ni kazi ambayo Katiba imeikabidhi kaunti.

Wala hili la serikali ya mashinani kuchangia huduma zinazoendeshwa na watu wasiotafuta faida halikuanza na ugatuzi. Mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa na serikali ya kikoloni kuanzia katikati ya miaka ya 1920 yalikusanya ushuru wao, na sehemu yake ikaenda katika shule na zahanati, baadhi yazo zikiwa za misheni. Baada ya uhuru mabaraza ya kaunti yaliendelea kubeba shule za msingi, afya na barabara, hata mzigo ukayashinda. Mwaka wa 1970 serikali kuu ikawanyang'anya kazi hizo tatu, isipokuwa katika miji michache mikubwa. Kutoka hapo mwananchi akabaki na harambee. Nani asiyekumbuka zile harambee, mgeni wa heshima akitoa noti moja moja ili zihesabiwe kwa sauti? Ndipo tulipozoea kuona pesa za umma zikitoka mfukoni mwa mtu, naye akishukuriwa kama kwamba ni zake.

Mfuko wa kupeleka asilimia tano ya kodi ya mapato kwa mabaraza ulianza mwaka wa 1999, na baadaye wakazi wakatakiwa kukaa na madiwani kuchagua miradi. Palipokuwa na diwani mwema ulifaa. Kisha 2013 mabaraza yakafa, zikaja kaunti. Katika mwaka wa fedha wa 2025/2026 kaunti zote 47 zilitengewa Sh415 bilioni kutoka hazina ya taifa. Kisii peke yake ina wadi 45, na jirani yake Nyamira ina 20. Basi pesa zipo, au tuseme zipo kwenye karatasi.

Zinatokaje kwenye karatasi hadi kwenye sufuria ya uji? Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, nami nilikuwa mmoja wao. Tunadhani ukimpata mwakilishi wa wadi akiwa na furaha, jambo limekwisha. Sivyo. Kila kaunti ina mpango wa miaka mitano, na huu wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kutokana na huo hutengenezwa mpango wa kila mwaka, ambao sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka ufike katika bunge la kaunti kabla ya Septemba mosi. Mwisho wa Februari huja karatasi ya kugawa mafungu baina ya idara. Mwisho wa Aprili makadirio yenyewe huwasilishwa, na Juni 30 mlango hufungwa. Jambo lisilokuwa katika mpango wa Septemba ni vigumu mno kulipachika Mei, hata kama mwakilishi wenu ni binamu yako.

Nilipomweleza mama mdogo hayo akahesabu kwa vidole. "Tukisema Agosti, pesa zitaanza kuja Julai ya mwaka mwingine?" Nikamwambia ndiyo, na pengine baada ya hapo. Akamwonyesha kwa kidevu mtoto mmoja aliyekuwa akilamba kikombe. "Huyo atakuwa keshaingia shule."

Sikuwa na jibu.

Liko jambo jingine linalonikera. Kaunti hupenda kujenga. Sheria inazitaka zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, na hiyo ni sheria nzuri, lakini katika macho ya mwanasiasa maendeleo ni ukuta na bati. Ukuta hukatiwa utepe. Nani atamkatia utepe mama anayempangusa mtoto kamasi? Kina mama wa Itumbe hawakuniambia wanataka jumba. Walitaka vitu vitatu: unga wa uhakika, choo kinachomfaa mtoto mdogo, na kitu kidogo cha mwisho wa mwezi kwa wale wawili wanaobaki. Choo ndicho rahisi kupatikana, kwa kuwa ni jengo. Uji na ujira ndivyo vigumu, kwa sababu vinataka fungu la kila mwaka.

Lakini si kwamba haiwezekani. Nyinyi wa Nairobi mnajua Dishi na County. Tangu 2023 serikali ya jiji imeshirikiana na Food4Education, shirika lisilo la kibiashara lililoanzishwa na Wawira Njiru mwaka wa 2012. Kaunti ilijenga majiko makubwa, shirika hupika na kusambaza, mwanafunzi hulipa Sh5 na kupewa chakula cha mchana, na gharama iliyobaki hubebwa na wengine. Unaweza kuupinga mpango huo kwa hili au lile, na wako waliokwenda kuupinga. Mimi nataka uone umbo lake tu: kaunti haikumpa mtu zawadi, iliingia katika makubaliano. Kila upande unajulikana unaleta nini. Nairobi hiyo hiyo ilitunga sheria yake ya vituo vya kulelea watoto mwaka wa 2017, kwa hivyo afisa hawezi kusema hajui vituo hivyo ni kazi ya nani.

Isitoshe, usidhani kwamba ukishaingia kwenye bajeti unaweza kulala usingizi. Wanafunzi wa vyuo watakumbuka Januari 2025, Mdhibiti wa Bajeti alipoziandikia kaunti kwamba basari za shule za upili na vyuo ni kazi ya serikali kuu, hivyo zisilipwe bila makubaliano baina ya serikali hizo mbili. Magavana wakaenda kortini, na wazazi wakabaki na barua za karo mkononi. Hata Uingereza, ambako mabaraza ya miji kwa miaka mingi yamekuwa yakivilipa vyama vya hisani kuwahudumia vijana na wazee, mambo huharibika. Septemba 2023 Baraza la Jiji la Birmingham lilitangaza kwamba haliwezi kusawazisha bajeti yake, na vyama vilivyolitegemea vikakatiwa misaada. Kikundi kilichoacha kabisa kuchanga chenyewe hufa siku hiyo hiyo. Ndiyo maana nilifurahi kusikia kwamba kina mama wa Itumbe hawana nia ya kuliacha lile daftari.

Basi tulikaa. Binti wa jirani, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa nyumbani kwa likizo, ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri, tukampa kalamu. (Ninyi wanafunzi, mnapokwenda nyumbani mnakaa kwenye simu mkiwaonyeshana picha, na hali mama zenu wanahitaji karani!) Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mkazi yeyote haki ya kupeleka ombi katika bunge la kaunti, naye hahitaji wakili wala Kiingereza. Tuliandika kwa Kiswahili. Tukataja kifungu cha Katiba. Tukaweka nakala ya cheti cha kikundi, idadi ya watoto kwa miezi sita kutoka kwenye daftari, unga unaoliwa kwa wiki na bei yake, na yale mambo matatu wanayoyataka, choo kikiwa cha mwisho.

Palitokea ubishi kidogo kuhusu neno "tunaomba". Mmoja wa wale walezi wawili, bibi wa watu anayeongea polepole, alisema halipendi. "Mabati tuliyaomba," akasema. "Mnaona yalipo." Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe binti akaandika "tunawasilisha", na bibi akaridhika, ingawa juu ya karatasi kichwa bado kilisema "ombi", kwa kuwa ndilo jina ambalo sheria inalitumia.

Nakala mbili zilipigwa mjini Kisii. Moja ikabaki katika bunge la kaunti, nyingine ikarudi na mhuri wa tarehe. Tuliuliza pia siku ya mkutano wa maoni ya wananchi katika wadi yao, tukaambiwa tangazo litatolewa gazetini. Gazeti haliingii Itumbe kila siku, kwa hivyo binti ameahidi kulitazama huko chuoni na kupiga simu.

Nilipokuwa nikiaga, mama mdogo alikuwa ameifunga ile nakala yenye mhuri ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na cheti na daftari, akaiweka katika sanduku lake la nguo. Nje, mvua ya alasiri ilikuwa inaanza. Akamwita mjukuu wake awafukuze kuku juu ya mabati na kuyafunika kwa turubai yasishike kutu.