Amri ya Njia Isitiiwe Kabla ya Kukaguliwa

Ndugu askari na polisi, hakuna mlinzi wa lindo afunguaye lango kwa sababu tu ameonyeshwa karatasi iliyoandikwa "Apite". Kwanza huuliza: karatasi hii imeandikwa na nani? Swali hilo hatuna budi kuliuliza pia katika mitandao ya kompyuta ibebayo taarifa za ulinzi.

Katika mtandao wa kawaida, taarifa hugawanywa katika vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila ruta, yaani mtambo wa kuelekeza pakiti, huamua yenyewe hatua inayofuata. Katika mfumo wa segimenti, ambao msingi wake ulitangazwa na shirika la kanuni za intaneti, IETF, mwezi Julai 2018, mambo ni tofauti. Ruta ya kuingilia huandika juu ya pakiti orodha ya vituo vya kupitia, na ruta zifuatazo huitii. Faida yake ni kubwa, kwani pakiti zaweza kuepushwa na njia iliyosongamana bila ruta za katikati kupewa maagizo mapya. Lakini aandikaye orodha ndiye aamuruye safari. Adui akipenyeza pakiti yenye orodha aliyoibuni mwenyewe, ruta zitamtii kama zimtiivyo mkuu halali. Zaweza kuizungusha pembeni mwa kituo cha ukaguzi na kuifikisha kwenye mtambo usiopaswa kufikiwa na mtu wa nje.

Haya si vitisho vitupu. Kanuni za awali za IPv6, utaratibu wa anwani za intaneti, ziliruhusu orodha ya njia ya aina hiyo, iliyojulikana kama aina 0. Mwaka 2007, mjini Vancouver, Kanada, watafiti Philippe Biondi na Arnaud Ebalard walionyesha hatari yake. Pakiti moja iliyotaja ruta mbili zile zile kwa kurudiarudia iliweza kurushwa huku na huku baina yao mara nyingi na kuisonga njia. Desemba ya mwaka huo IETF iliiondoa orodha hiyo katika matumizi. Orodha ya segimenti, ya aina 4, ilitolewa Machi 2020 kwa sharti kwamba itumike ndani ya eneo lenye mipaka na la kuaminiwa.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Wako wasemao, "Mtandao huu ni wa ndani, basi ni salama." Sisi hatukubaliani nao. Mtandao hauwi wa ndani kwa kuitwa hivyo, bali kwa kulindwa mipakani. Kanuni hizo za 2020 zaeleza ulinzi wa safu mbili. Kwanza, vituo vyote vipewe anwani za fungu moja, na kila mlango wa nje uitupe pakiti iingiayo ikielekea fungu hilo. Pili, kila ruta ya ndani ikatae pakiti iendayo kwenye vituo vyake ikiwa haikutoka katika anwani za ndani. Mwaka 2024 IETF ilitenga fungu maalumu, 5f00::/16, ambalo huirahisisha kazi hiyo kwa wanaolitumia.

Hata hivyo, mlango mmoja uliosahauliwa watosha kuharibu yote. Kizuizi kisipowekwa, mtandao hauzimiki wala kengele hailii. Kazi huendelea kama kawaida, na mlango uko wazi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wala mpaka peke yake hautoshi, kwani kikulacho ki nguoni mwako. Kompyuta ya ndani iliyotekwa na adui tayari imekwisha kuvuka lango. Kwa ajili ya hali kama hizi upo muhuri uitwao HMAC, upatikanao kwa hesabu na ufunguo wa siri. Asiye na ufunguo akibadili hata kituo kimoja katika orodha, muhuri haulingani. Muhuri huu ni wa hiari, na wapo wasioupenda kwa kuwa huziongezea ruta kazi. Hatudai ukaguliwe kila kituo. Tunadai ukaguliwe langoni, pale kompyuta isiyo chini ya ulinzi wa mtandao inapotaka kuandika njia yake yenyewe.

Tena ieleweke kwamba muhuri huo hulinda orodha ya njia, si ujumbe uliomo. Wala haumzuii aliyenakili pakiti halali kuirusha tena. Kwa hiyo taarifa ya doria au ya upelelezi lazima isimbwe kwa siri tangu kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, hata katika njia tunayoiamini.

Basi, wakuu wasiwaachie wauzaji wa mitambo jukumu hili. Wadai orodha ya milango yote ya nje, na kila mlango uwe na mtu wa kuuwajibikia. Baada ya kila badiliko, mafundi warushe kutoka nje pakiti za majaribio zenye orodha za uongo, na waonyeshe kwamba zimetupwa. Funguo za siri zitunzwe kama silaha za ghalani: aliyezichukua ajulikane, na akihamishwa zibadilishwe. Ruta haina macho ya kumtambua adui, hutii iliyoandikiwa. Kumtambua ni kazi ya binadamu, na sharti ifanywe kabla pakiti haijapita.