Sikuvaa Joho, na Gauni Pia Sivai

Kuna neno limenichosha masikio tangu tutangaze harusi: mila. Eti gauni jeupe la kuburuta sakafuni ndiyo mila, na bi harusi anayeingia kanisani na sketi na blauzi ni msichana wa Nairobi aliyepotea. Basi mjue mapema. Naolewa Desemba na nitavaa vipande viwili: sketi ndefu rangi ya maziwa na blauzi ya lesi, mikono mirefu. Kitovu hakitaonekana, kwa hivyo kamati ishushe pumzi.

Sasa tuulizane, mila ya nani? Hilo gauni jeupe lilishika umaarufu baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa na nguo nyeupe tarehe 10 Februari 1840. Kabla ya hapo Waingereza wengi waliolewa na nguo yao nzuri kuliko zote, iwe ya buluu au ya kahawia, kisha wakaendelea kuivaa. Victoria mwenyewe, pamoja na utajiri wake wote, hakuifungia lesi ya harusi kabatini. Aliivaa tena na tena, na kwenye picha rasmi ya Jubilii yake ya 1897 bado iko mwilini. Na nguo nyingi za heshima za enzi yake zilishonwa juu mbali, chini mbali. Yaani tulimwiga malkia, tukaacha pale alipotumia akili.

Halafu mashangazi haohao wanaoniambia vipande viwili si heshima ndio hufika kwenye ruracio wamejifunga leso. Leso huuzwa doti. Unakata katikati, unapinda, moja inaenda kiunoni na ya pili mabegani au kichwani. Na kabla leso hazijatufikia huku bara, mwanamke wa Kikuyu alivaa sketi ya ngozi na joho la ngozi juu yake. Vipande! Kama kuna nguo ngeni katika ukoo wetu, ni hiyo ya zipu mgongoni inayohitaji wasimamizi wawili kukusindikiza chooni.

Bwana harusi, kwani yeye anavaa nini? Koti na suruali. Viwili. Akiongeza kizibao, vitatu. Wiki ya pili koti liko kazini, suruali iko mazishini kwa kina fulani, na hakuna mtu amewahi kumkalisha chini kumuuliza kama ameheshimu mila.

Hizi kelele ningezielewa kama pesa zingekuwa zao. Dada yangu alikodi gauni katika duka moja la mjini. Unalipa ya kukodi, unaweka na amana ya kurudishiwa. Harusi ilikuwa ya bustani, mwezi wa Aprili, na Aprili mnaijua. Pindo likashika matope. Amana haikurudi hata shilingi, na alikuwa ameikopa kwa chama. Miezi saba analipa deni la nguo aliyoivaa mchana mmoja, nguo ambayo wengine walishaivaa kabla yake na wengine wakaivaa baada yake. Mimi naandika kwa kulipwa kwa makala, na kuna wahariri wanaokumbuka kulipa baada ya siku 90. Kitambaa changu nimenunua Eastleigh, fundi yuko hapa mtaani. Baada ya harusi blauzi itakutana na jinzi, na sketi itaenda harusi za marafiki zangu mpaka ichoke. Hata Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka miaka 18, mashahidi wawili na mengine ya maana, zipu haimo.

Lakini hii vita si ya nguo, na mama anajua najua. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipotushinda. Mama hajawahi kupata ile picha ambayo kila sebule ya jirani iko nayo, mtoto na joho na kofia, mzazi kando yake, zile shada za kumetameta shingoni. Ukuta wetu uko na nafasi juu ya runinga, na gauni ndilo lilikuwa liijaze. Tena miaka miwili nimeishi na huyu mwanamume njoo-tuishi, na kila Jumapili ni mama aliyejibu maswali ya kina mama wa kanisa, mimi nikiwa nimelala. Kwake ule weupe ni risiti: mmeona, imelipwa. Hiyo hamu naielewa na sitaicheka. Ninachokataa ni mwili wangu kuwa mahali pa kubandikia risiti. Kuishi na mwanamume si deni, na kukosa karo pia si deni nililomkopa mtu wa kamati, sasa nilipe kwa mita kumi za satini.

Kwa hivyo mama nimempelekea hesabu yangu. Picha tutapiga, kubwa, ya fremu, yeye katikati. Akitaka shela nitajifunika shela, hata ifike sakafuni. Chini yake ni sketi na blauzi. Amesema atafikiria, kisha akaniuliza kama fundi huyo anashona pia nguo za mama wa bi harusi.